Hodi Zilizopotea Kituoni

Jumatatu, 5 Februari 2007

Nimetukanwa. Tena kwa barua! Tusi la mdomo hupita na upepo, barua inatunzwa kwenye faili.

Imetoka kwa Bi Cecilia, mhadhiri wa kompyuta na mwenyekiti wa Kamati ya Kituo cha Makutano ya Mtandao, Morogoro. Anasema pakiti zinapotea. Anasema zinapotea kituoni kwangu. Kwangu! Mimi, Abdulatif Pazi, Mwangalizi wa Kituo, mwenye ufunguo na muhuri!

Nieleze kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii. Zamani, yaani mwaka juzi, mtu wa Kihonda akimwandikia barua pepe mtu wa mjini hapa, barua ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda Ulaya, ikageuka, ikarudi. Mwendo wa baiskeli, kwa kupitia Ulaya! Ndipo wenye mitandao watatu wa mji huu wakakubaliana kila mmoja alete waya wake mahali pamoja, wabadilishane mizigo hapa hapa. Mahali penyewe ni chumba cha nyuma cha jengo la zamani la ushirika, ambacho ninakilinda mimi. Nyaya tatu zinaingia kwenye mashine moja iitwayo swichi. Waya wa chuo cha Bi Cecilia. Waya wa Thobias, mwenye vibanda vya intaneti karibu na stendi. Na waya wa Severini wa Kihonda. Barua hukatwa vipande vidogo vidogo, ndizo hizo pakiti, na swichi humpa kila mwenyewe chake. Basi. Hakuna uchawi.

Kupima nako ni rahisi. Kompyuta yangu inabisha hodi mara mia kwenye mtandao wa jirani, na jirani anaitikia. Leo saa saba mchana nimebisha hodi mia. Thelathini na moja hazikuitikiwa. Nimerudia kwa hasira. Thelathini na nne! Kwa hiyo barua inasema kweli, na hilo limeniudhi kuliko barua yenyewe.

Jumatatu ijayo atakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Akikuta hali ni hii, Kamati itakihamishia kituo Kihonda, ofisini kwa Severini. Severini ana kiyoyozi. Hakuna mkutano ambao hakukitaja.

Sihamishiwi kitu. Nilishapunguzwa kazi mara moja, mwaka 1998, baada ya miaka kumi na tisa ya kupanda nguzo za simu. Walisema ni soko huria. Nikarudi nyumbani na cheti na koleo. Miaka minne mke wangu Mwanahawa alitulisha kwa sindano yake ya kufumia: vitambaa vya makochi, vya redio, vya televisheni za watu. Watoto walisoma kwa vitambaa. Kupunguzwa mara ya pili, hapana. Nitamtafuta mwizi wa pakiti, na nitampata kabla ya Jumatatu.

Jumanne, 6 Februari

Uchunguzi umeanza. Nimeanza na vitu, kisha nitakwenda kwa watu. Kwa watu nina jina moja tu, lakini sitaki kuonekana nina chuki.

Nyaya: nzima. Soketi: nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama, nikaingia mvunguni mwa meza na tochi. Nimepata kijiko kilichopotea tangu Ramadhani. Mwizi sikumpata.

Mashine yenyewe sikuigusa. Haina haja. Ndicho kitu safi kuliko vyote humu ndani. Iko juu ya meza chini ya dirisha, milima ya Uluguru ikiitazama, na imefunikwa kitambaa bora kuliko vyote alivyowahi kufuma Mwanahawa: cheupe, tausi wawili wanaangaliana, pindo linateremka hadi mezani pande zote nne. Alikifuma wiki niliyopewa kazi hii. Chini yake nimeweka nailoni, maana paa lilivuja Desemba. Siku ya ufunguzi Kamati nzima ilikisifu. Bi Cecilia alisema hajawahi kuona kituo cha mtandao chenye heshima namna ile, akaagiza iandikwe kwenye muhtasari. Imo, ukurasa wa pili.

Feni Kamati walileta, ya kusimama. Mwanzoni ilielekea kwenye mashine, ikawa inawapeperusha tausi hadi chini kwenye vumbi. Dharau! Niliigeuza inielekee mimi, na tangu hapo sote tuko salama.

Sifa nyingine ya mashine hii, ambayo kwenye kitabu chake hawakuiandika: ni ya moto vizuri. Naiweka chapati yangu chini ya kitambaa asubuhi, saa saba naila kama imetoka kwenye chuma. Wazungu wanajua kutengeneza vitu.

Mwanahawa amepita mchana akitoka sokoni. Amenusa, akasema humu mnanuka pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Akauliza kama kile kidude hakisikii joto. Nimemweleza kwa upole kwamba ile ni elektroniki, si kuku anayeatamia. Akasema sawa, Baba Zuhura. Naijua hiyo sawa yake.

Vipimo vya leo. Saa tatu asubuhi, hodi mia, zimepotea sifuri. Saa sita, kumi na mbili. Saa nane, arobaini! Saa kumi na moja jioni, tano. Nimeviandika mara mbili kuhakikisha. Mwizi anaanza adhuhuri na kufunga kazi alasiri. Mwizi mwenye saa za ofisi! Nchi hii imefika hapa.

Nimenyunyiza unga wa sembe sakafuni, kuanzia mlangoni hadi mezani, ndipo nikafunga.

Jumatano, 7 Februari

Nyayo! Zipo! Nimefungua mlango saa mbili, nimezikuta zimejipanga kwenye unga, kutoka mezani hadi mlangoni. Kandambili. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, mtu anayetembea kwa kujisikia. Nimezichora kwa penseli, nikapiga muhuri chini ya mchoro, nikaukimbiza nyumbani kwa Mwanahawa awe shahidi.

Ameutazama sana. Akaniomba niinue mguu wa kushoto. Nimeinua. Kumbe nilinyunyiza unga kuanzia mlangoni nikienda ndani, kisha nikatoka kwa kuupita. Suala la nyayo nimelifunga.

Nikaenda Kihonda kwa watu. Nilifika kwa Severini saa saba kasoro robo, saa za mwizi, bila taarifa, nimkamate na koleo mkononi. Nimemkuta na bakuli mkononi, ananawa ale. Akasema karibu, kaka, umekuja wakati wake. Kaka! Mimi na yeye tulizaliwa wapi pamoja? Mkewe Anastasia akaongeza sahani kabla sijajibu. Ugali, mchicha wa nazi na samaki wa bwawa la Mindu. Nimekula kwa kulinda ushahidi. Nimeongezewa mara mbili, na mara zote mbili sikumwondolea macho.

Baada ya kula alinipeleka ofisini kwake, kwenye kiyoyozi chake, kunionyesha kwamba na yeye anaumia. Alibisha hodi mia kuelekea kituoni. Zikapotea thelathini na nane mbele ya macho yangu. Mikono yake yote miwili naiona! Alisema wateja wake wanamtukana kwenye simu, na mwalimu mmoja wa Mlali ameapa kurudi kwenye posta. Alikuwa na sura ya huzuni halisi kabisa.

Nimetafakari njia nzima nikirudi. Mtu ambaye pakiti zinapotea huku yeye ananawa mikono, ana jambo moja tu: ana mshirika.

Alhamisi, 8 Februari

Asubuhi mbaya. Mwanahawa amekuja kituoni kuchukua kitambaa! Kesho kuna harusi ya mpwa wake Mlali, na akina mama wa kikundi chake cha kule wanataka kuwaona tausi wahesabu vifundo. Nilipinga. Nilimwambia mashine haiwezi kukaa uchi siku nne kabla ya mgeni wa Dar. Aliniomba mara moja tu, na Mwanahawa huwa haombi mara ya pili. Amekwenda nacho, na nailoni amefungia maandazi ya safari.

Nimekaa mbele ya ile mashine iliyo uchi, ina vijitundu ubavuni, ina vijitaa vinavyokonyeza, nikaona aibu kuitazama. Ndipo mpango ukanijia.

Waya wa Severini upo kwenye tundu namba moja. Namba moja! Nani alimpa? Mimi nilimpa, siku ya ufunguzi, kwa ukarimu, kwa sababu alifika wa kwanza. Na aliyeketi kiti cha mbele ndiye anayepitiwa na kila sahani. Kila pakiti inayoingia, yeye ndiye jirani wa kwanza kuiona. Nikachomoa waya wake, nikaupeleka tundu namba ishirini na nne, la mwisho kabisa, ukutani. Nikaufunga utepe mwekundu na kuandika CHINI YA UANGALIZI. Nikapiga muhuri juu ya utepe.

Saa sita nimebisha hodi mia. Sifuri. Nikasema ni mapema. Saa nane, jua la Februari likiwa utosini, mabati yanalia. Hodi mia. Sifuri! Nimerudia mara saba. Sifuri, sifuri, sifuri! Nimesimama juu ya kiti nikapiga makofi peke yangu.

Chapati ilikuwa ya baridi. Sikujali.

Ijumaa, 9 Februari

Sifuri asubuhi. Sifuri adhuhuri. Nimeswali Ijumaa kwa moyo mweupe, nikarudi, sifuri tena. Chapati ya baridi.

Jioni nimeandika barua kwa mwenyekiti, nakala kwa Thobias, nakala kwa mhusika mwenyewe, nakala kwa faili. Nimeeleza kwamba hujuma imegunduliwa na kukomeshwa na Mwangalizi, bila msaada wa Dar es Salaam. Kwamba chanzo ni mtu wa ndani. Nikaandika: kikulacho ki nguoni mwako. Sikumtaja Severini kwa jina, nimemtaja kwa namba ya tundu. Nimependekeza abaki tundu la ishirini na nne maisha, na kwamba huyo mtaalamu, kama nauli imeshalipwa, basi aje kujifunza.

Nimeipeleka mwenyewe chuoni. Bi Cecilia aliisoma akiwa amesimama. Alisema kama pakiti zimeacha kupotea kweli, yeye atanipa mkono mbele ya Kamati, lakini mtaalamu atakuja vilevile. Mwanamke huyu haamini mpaka aguse.

Jumamosi, 10 Februari

Sifuri. Nimechoka kuandika sifuri.

Mwanahawa amerudi kutoka Mlali. Harusi ilikuwa nzuri, bibi harusi alilia inavyotakiwa. Tausi wamerudi wamefuliwa, wametiwa wanga, wamekauka wakawa wagumu, wanasimama wenyewe. Na kuna zawadi! Akina mama wa Mlali, waliposikia mume wa mwenzao anapokea mgeni wa Dar, wamenipa kitambaa cha pili, kizito, cha nyuzi za sweta, chekundu, chenye maneno KARIBU MGENI. Watu wa kule hawaijui hata hiyo intaneti, lakini wanajua heshima.

Jumapili, 11 Februari

Nimekwenda kituoni asubuhi kuivalisha mashine. Nailoni mpya kwanza, tausi juu yake, KARIBU MGENI juu ya tausi. Nimesimama mlangoni kuitazama. Ukumbi wa harusi haukuizidi.

Sikupima. Kwa nini nipime jambo lililokwisha? Saa nane Thobias amepiga simu akipiga kelele kwamba kwenye vibanda vyake kila kitu kimeganda, vijana wa chuo wanadai warudishiwe chao. Nimemshauri atazame virusi kwenye kompyuta zake mwenyewe kabla ya kusumbua watu siku ya mapumziko. Nikakata simu.

Kutwa nzima nimejifunza hotuba ya kesho mbele ya kioo. Inaanza na nguzo za simu za mwaka 1979.

Jumatatu, 12 Februari

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu wengine wataandika yao.

Kamati ilikuwepo yote saa tano: Bi Cecilia, Thobias, Severini. Mtaalamu alichelewa. Nilimtegemea mzee mwenye miwani. Ameshuka binti! Stella, hajafika hata miaka thelathini, begi mgongoni. Amenipa shikamoo, hilo siwezi kumnyima. Nimeitikia marahaba nikamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya feni yangu, nikampa soda.

Nikatoa hotuba. Nilipofika mwaka 1986 Bi Cecilia aliuliza kama tunaweza kupima. Saa saba na dakika kumi. Nikasema kwa furaha, tena kwa mikono yake mgeni mwenyewe. Stella akabisha hodi mia.

Zimepotea sabini na mbili.

Nikaruka, nikamwonyesha Severini kidole: huyo! Amerudi tena, hata kwenye la ishirini na nne! Severini akasema taratibu, kaka, mimi niko hapa, nina soda mkono huu na kofia mkono huu. Nikasema na mshirika je? Thobias akasema yeye asiangaliwe. Bi Cecilia akatoa barua yangu ya Ijumaa kwenye mkoba akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, na ile sauti yake ya kusahihishia mitihani.

Stella hakuwa anasikiliza. Alikuwa anafuata nyaya kwa macho. Aliuliza, samahani mzee, swichi yenyewe iko wapi? Nikamwonyesha. Akasema muda wote ule aliokaa alidhani ile ni televisheni.

Akainuka. Akaondoa KARIBU MGENI. Akaondoa tausi. Akaondoa nailoni, iliyokuwa imelainika na kujibandika. Na pale juu ya mashine, kwenye kisahani, zikawa zimekaa chapati zangu mbili.

Akaweka kiganja kwenye mashine, akakiondoa haraka, akakipuliza. Wakati huohuo Bi Cecilia alikuwa amefika kwenye kikulacho ki nguoni mwako. Akaikunja barua katikati ya methali.

Stella alieleza kwa adabu. Mashine inapumua kwa vile vijitundu vya ubavuni. Ikizibwa inachemka, ikichemka inaanza kudondosha pakiti, na jua likizidi nayo inazidi. Akaigeuza feni iielekee mashine. Tumekaa robo saa kama watu wa msiba. Akabisha hodi mia. Sifuri. Siku tatu zile za sifuri, akauliza akitazama vipimo vyangu, kitambaa kilikuwepo? Nilijibu kwamba kilikuwa harusini.

Severini alicheka. Niwe mkweli, alikohoa. Lakini kilikuwa kikohozi kirefu.

Basi Bi Cecilia akasema, bila kunitazama, kwamba inabidi Kamati iamue kuhusu kukihamishia kituo Kihonda. Niliiona ile barua ya kupunguzwa ya mwaka 1998, niliona ile asubuhi ya kwanza nyumbani nikiwa sina pa kwenda, nimevaa viatu vya kazi.

Aliyeanza kusema ni Severini. Aliomba faili la mihtasari. Akafungua ukurasa wa pili, akasoma: Kamati inaishukuru familia ya Mwangalizi kwa kuipamba na kuihifadhi mashine kwa kitambaa bora, na inawahimiza wanachama kuiga mfano huo. Imependekezwa na Bi Cecilia. Imeungwa mkono na Thobias. Imepita kwa kauli moja.

Thobias akatazama viatu vyake. Akasema vibandani kwake wameiga. Vitambaa vinne, kazi ya Mwanahawa. Severini akasema na yeye anacho kimoja juu ya mashine yake, samawati, ili isipatwe na baridi ya kiyoyozi. Stella aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Bi Cecilia, mhadhiri wa kompyuta, mwenyekiti akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Nami nilijua ni nini kilichomo ofisini kwake chuoni, kwa sababu nilikipeleka mwenyewe. Cha waridi, chenye shada.

Azimio limepita kwa kauli moja: kituo kibaki, Mwangalizi abaki, na kuanzia leo kisiwekwe kitu chochote juu ya mashine. Stella alisaini kama shahidi.

Wakaondoka. Severini akanipa mkono mlangoni, akasema tuko pamoja, kaka. Ameniokoa makusudi ili nimshukuru. Simshukuru! Mtu anayeweka akilini ukurasa wa pili wa muhtasari kwa mwaka mzima, huyo ni mtu wa kuogopwa.

Jumanne, 13 Februari

Jana usiku sikuweza kumwambia Mwanahawa. Nimemwambia leo asubuhi kwamba kosa limepatikana, ni joto. Akauliza joto la wapi. Nikasema la Morogoro. Akauliza tausi wako wapi. Nikasema Kamati imeona ni wazuri mno kwa matumizi ya kila siku.

Akaketi kwenye kigoda akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Anastasia alishamwambia jana sokoni, na habari ya chapati pia! Kihonda nzima inajua! Akanikumbusha kwamba Jumanne iliyopita alisema pananuka pasi. Nimemjibu kwamba Jumanne iliyopita ni zamani.

Lakini niandike lililo kweli, maana shajara hii haisomwi na Kamati. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu. Yule binti, kwa adabu zake zote, alivitupa vile vitambaa kwenye kiti. Hakuvikunja. Yeye hajui vilivyotufikisha hapa. Mwanahawa aliifunga khanga yake vizuri nilipomwambia hivyo. Kisha akasema kitambaa ni uzi, Baba Zuhura, kiweke kwenye redio, mashine ya watu iache ipumue.

Nimemwambia nimeelewa. Na kweli nimeelewa, kuliko wanavyodhani. Nimelisoma lile azimio mara tano. Linasema juu ya mashine. Halisemi kingine.

Alhamisi, 15 Februari

Ushindi!

Kwa fundi seremala wa Sabasaba palikuwa na kabati la vyombo, la mninga, limetengenezewa mteja aliyehama. Milango miwili ya vioo, kufuli, rafu tatu. Limefika leo asubuhi kwa mkokoteni. Mashine nimeiweka rafu ya katikati, nikatoboa kijitundu kimoja cha nyaya nyuma, nikaziba pembeni kwa nta vumbi lisiingie. Nimefunga milango. Nimefunga kufuli. Inaonekana kupitia kioo, na vijitaa vyake, kama vikombe vya sherehe. Mwizi afike sasa!

Azimio nimelitii neno kwa neno. Juu ya mashine hakuna kitu. Tausi wako juu ya kabati, na kabati si mashine. KARIBU MGENI nimeitundika mbele, inafunika vioo nusu tu. Feni nimeirudisha inielekee mimi, kwa sababu ikielekea kabati vioo vinatetemeka, na mtetemo si mzuri kwa elektroniki.

Saa saba nimebisha hodi mia, kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Zimepotea arobaini na tatu.

Nimekaa. Nimerudia. Arobaini na tisa! Na hapo hapo, nje ya dirisha, nani anapita na mwavuli wa jua? Saa saba hiyo hiyo! Severini wa Kihonda! Amenipungia mkono. Ameniita kaka, kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Nimeshachukua karatasi. Muhuri nimeupiga kwanza, kabla ya kuandika, ili hasira isiuondoe mkono mahali pake. Nimefungua kufuli kidogo tu, nikachukua chakula changu kwenye rafu ya juu. Chapati ni ya moto kuliko ilivyowahi kuwa.